Mnara wa Mtumba

Wageni wanaofika kwangu Ujiji kwa mara ya kwanza huniuliza kampuni ya simu inanilipa kodi kiasi gani, kwa kuwa huuona mnara kabla hawajauona mlango. Huwajibu kwamba hakuna kampuni yoyote. Mnara ni wetu, wanawake saba, tuliununua mtumba, nao haushiki simu hata moja. Hapo hunitazama kama mtu anayefuga ng'ombe asiyekamuliwa wala kuchinjwa. Huwaachia mtazamo wao, maana maelezo yake ni marefu na chai hupoa. Leo nayaandika.

Mwanangu ni nahodha wa boti ya mbao inayopeleka unga, saruji na sabuni katika vijiji vya kusini na kurudi na mawese na dagaa. Akishaondoka mwaloni, kwenye maegesho ya boti hapa Ujiji, simu yake hupatikana hadi maeneo ya Ilagala, pale Mto Malagarasi unapoingia ziwani. Baada ya hapo mtandao hushika kilima hiki na kukiacha kile, na boti ikiwa mbali na ufuko haushiki kabisa. Safari huchukua siku kadhaa. Katika siku hizo mimi huwa mama wa mtu ambaye sijui aliko.

Mume wangu alifariki tarehe 9 Februari 2014, nchi kavu, kitandani, mkono wake ukiwa mkononi mwangu. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia mjane wa Ujiji hudhani ni ziwa. Alikuwa mwashi. Ndiye aliyenisukuma kuingia darasa la watu wazima nikiwa tayari mama, na mwezi Novemba 2009, nikiwa na umri wa miaka arobaini na mmoja, nikafanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nilifaulu. Mtu aliyechelewa kujifunza kuandika tarehe hapendi kuziacha zipite bila kuandikwa, na katika kikundi chetu cha kuweka na kukopa mimi ndiye katibu.

Tangazo la mnada nililiona mwanzoni mwa Machi 2022, limebandikwa kwenye nguzo karibu na soko la Mwanga. Shirika moja la misaada lililokuwa likihitimisha shughuli zake lingeuza vifaa vilivyotumika: magodoro, meza, jenereta, na katika mstari wa mwisho, "mnara wa redio pamoja na antena na viambata vyake". Wenzangu niliokuwa nao walisimama kwenye magodoro. Mimi sikuweza kuondoka kwenye mstari wa mwisho.

Nilipeleka hoja kwenye kikao chetu cha Jumapili. Nikaeleza kwamba zamani, kabla ya simu za mkononi, redio za upepo ndizo zilizokuwa zikiunganisha pwani yote ya ziwa. Kwamba redio ya namna hiyo haiombi mtandao wa mtu. Na kwamba tukiwa na mnara huku na redio ndogo kule botini, tutamsikia nahodha popote alipo. Mweka hazina wetu ni mke wa fundi injini wa boti hiyo hiyo. Ni mwanamke mwenye mzaha usiokwisha, akanisikiliza hadi mwisho.

"Katibu," akasema, "sisi ni waanika dagaa. Juu ya mnara tutaanika nini?"

"Wasiwasi wako. Ndani ya nyumba umeshaanza kunuka."

Wakacheka, na hoja ikapita.

Mnada ulifanyika Jumamosi, tarehe 12 Machi 2022. Mnara tuliukuta umelazwa nyasini vipande vipande, chuma chenye pembe tatu, kila kipande kirefu kuliko mtu. Kando yake palikuwa na mafungu ya nyaya za kuushikilia, waya wa antena uliozungushwa kwenye gurudumu la ubao, bunda la kebo nyeusi, redio mbili, na kisanduku cheusi kilichozibwa pande zote, ukubwa wa kipande cha sabuni ya mche. Tulikuja na fundi wetu, mzee wa Simbo aliyefanya kazi ya redio za upepo hadi kustaafu kwake. Ni mtu wa maneno mengi. Aliinua kila kitu, akakipuliza vumbi na kukihutubia. Alipofika kwenye kisanduku aliniwekea kiganjani.

"Huyu mtunze, mama. Huyu ndiye kadhi. Waya wa juu na redio ya chini ni watu wa tabia mbili. Bila kadhi hakuna ndoa. Ukiwakutanisha kienyeji, mmoja atamuunguza mwenzake."

Aliyeshindana nasi alikuwa mchomeleaji wa mageti kutoka Mwanga, mwanamume wa makamo aliyevutiwa na chuma tu. Kila tulipopandisha dau, naye alipandisha, huku akitugeukia kwa adabu ya kejeli.

"Shikamooni, mama zangu. Mnara huu mtaupikia jiko gani?"

"Marahaba, baba," mweka hazina akamjibu. "Hatupiki. Tunataka kupanda juu tuone kama mkeo amekwisha kukuwekea chakula, maana naona una njaa ya kila kitu."

Watu wakaangua kicheko, dalali akagonga, na mali ikawa yetu. Mchomeleaji alitupa mkono wa pongezi. "Mkishindwa kuusimamisha mnijulishe," akasema. "Ujiji bado kuna nyumba nyingi zisizo na geti."

Hapa sina budi kueleza desturi yetu, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitoka humo. Sanduku la kikundi chetu lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa wanachama watatu tofauti, ili asiwepo mmoja awezaye kulifungua peke yake. Mwenye ufunguo hatengani nao. Haufichi chini ya godoro wala hamwachii mume. Akienda shamba huenda nao, akienda msibani huenda nao. Mwenzetu mmoja alijifungua hospitalini ufunguo ukiwa umefungwa kwenye pindo la kanga yake, na muuguzi alipotaka kuufungua aliambiwa asubiri mtoto. Tumeishi hivyo miaka mingi na hatujaibiana.

Kwa hiyo hata hatukujadiliana. Mali ya pamoja ilipofika, tuliigawanya kama funguo. Chuma, nyaya na kebo vilikaa kwangu kwa sababu nina uwanja mpana. Redio kubwa ilikwenda kwa mweka hazina. Kisanduku cheusi alikabidhiwa mwenzetu ambaye wazazi wake walivuka kutoka Kongo kabla yeye hajazaliwa, mwanamke mkimya, mwaminifu kuliko sisi sote. Alikipokea kwa mikono miwili, akakifunga kwenye ncha ya kitenge chake. Redio ndogo ndiyo tuliyokusudia kuipeleka botini.

Kibali tulikiomba kama sheria inavyotaka, nacho kikatoka mwezi Juni. Fundi akafunga redio ndogo botini, na waya wake mfupi usiohitaji kadhi. Siku ya Ijumaa, tarehe 15 Julai, mwanangu alipita kuniaga. Alijua kwamba kesho yake mnara ungesimama.

"Nitaita kila siku adhuhuri," akasema. "Ukinijibu, nitaamini kwamba hamkununua geti."

Jumamosi tuliusimamisha. Wanawake walishika nyaya pande tatu na kuvuta kwa amri ya fundi, ambaye alikuwa amepanda juu ya ndoo akipaza sauti kana kwamba anaongoza gwaride. Jirani zangu walijaa ukutani. Mnara uliinuka ukiyumba, ukasita, kisha ukasimama, na waya wa antena ukanyooka kama mikono miwili juu ya paa langu. Nilijisikia mrefu. Fundi akashuka kwenye ndoo, akafuta jasho, akanyoosha kiganja.

"Sasa nipeni kadhi."

Tukatazamana. Mwenye kisanduku hakuwepo. Jumatano iliyopita alikuwa amepata habari kwamba bibi yake amefariki Kalemie, ng'ambo ya ziwa, nasi sote tulimchangia rambirambi na kumsindikiza hadi mwaloni. Hakuna aliyekumbuka kisanduku. Tulimtuma mtu nyumbani kwake, akarudi na mkwewe wa kike, aliyetusalimu kwa magoti na kutushangaa.

"Ameenda nacho. Si mlimwambia ni ufunguo?"

Hakuna aliyekasirika. Nilitafuta hasira ndani yangu sikuiona, kwa kuwa ningekuwa mimi ningevuka nacho vilevile. Namba yake ya simu haikupatikana ng'ambo. Tulimpa ujumbe nahodha mmoja wa Kalemie, akaahidi kuufikisha, lakini matanga hayana haraka na upepo wa kusini ulikuwa umeanza.

Fundi hakutaka siku yake iishe kwa aibu. Aliunganisha nyaya moja kwa moja, bila kisanduku, akaiwasha sebuleni kwangu redio kubwa aliyoileta mweka hazina. Ikavuma. "Kusikia tutasikia kidogo," akasema. "Kusema, hapana. Atakayebonyeza hiki cha kusemea, jueni ataua redio." Akaomba malazi kwa jamaa yake Ujiji, akawa anakuja kila siku kuilinda dhidi yetu.

Siku nne za kwanza, adhuhuri ilileta mvumo tu, na mara moja mtu aliyezungumza Kifaransa polepole, kisha akakohoa, kisha akapotea. Mweka hazina alimjibu kwa Kiha, akamwambia anywe maji ya moto. Tulicheka kuliko neno lenyewe lilivyostahili.

Alhamisi, tarehe 21 Julai, ziwa liliamka jeupe. Kutoka uwanjani kwangu huonekana kipande chake kati ya paa mbili, na kipande hicho kilikuwa kimejaa povu tangu asubuhi. Mitumbwi ilikuwa imevutwa mchangani. Tulikaa watano kuuzunguka ule mvumo. Nilikuwa nimevaa nguo nzuri, sijui kwa nini.

Sauti yake ilikuja wazi hivi kwamba nilisimama kumpokea.

"Ujiji, Ujiji, chombo kinaita. Mnanipata? Ova."

"Ni yeye!" mweka hazina akapiga kelele. "Mjibu! Katibu wewe, mjibu!"

Mkono wangu ulikuwa umeshafika. Fundi aliufunika kwa kiganja chake kikavu, nao ukakwama hapo, juu ya chombo cha kusemea.

"Mama. Ukibonyeza hatakusikia. Utaiua tu, na dakika inayofuata hutamsikia wewe."

"Ujiji, Ujiji. Mama, unanipata? Ova."

Nilikuwa namtazama fundi machoni, naye hakuepuka macho yangu. Namshukuru kwa hilo sasa. Siku ile nilimchukia kabisa. Mwanangu aliita mara ya tatu, na mara hiyo kidole chake kilisahau kuachia, kwa maana tuliendelea kusikia yaliyokuwa yakitokea ndani ya boti: turubai likipigwa na upepo, injini ikikohoa, na sauti ya mwanamume mwingine ikiuliza, "Vipi, wapo?" Mweka hazina akashika mdomo. Aliyeuliza alikuwa mumewe, fundi injini.

"Hawapo," mwanangu akamjibu. "Mama hayupo. Afadhali. Haya, tupeni saruji. Tupeni, nasema, anzeni na ya mbele!"

Kukasikika mlio mdogo, kisha mvumo.

Nimesoma maneno mengi tangu nijue kusoma. Sijapata kukutana na lingine lililonikalia kama hilo *hayupo*, nami nikiwa nimesimama, nimevaa nguo nzuri, mkono wangu ukiwa juu ya chombo tulichokinunua kwa ajili hiyo. Nilijibu. Nilijibu kwa sauti, pale sebuleni, bila kubonyeza: nipo, mwanangu, nipo. Hakuna aliyenicheka. Mweka hazina, ambaye hajapata kukosa la kusema mbele ya maiti wala mbele ya mkuu wa wilaya, alikaa chini sakafuni, akaegemea mguu wa meza.

Tulikwenda mwaloni kutoa taarifa. Tuliwakuta wanaume waliojua ziwa kuliko sisi, wakatueleza kwa upole kwamba hakuna boti itakayotoka katika upepo ule, na kwamba boti mbili ni msiba mkubwa kuliko moja. Walisema kweli. Mmoja wao akauliza, "Lakini mmejuaje?"

"Tumewasikia kwenye redio," nikasema.

"Mkawaambia nini?"

Hakukusudia ubaya. Tulirudi nyumbani tukaketi mbele ya redio hadi fundi alipoizima, akisema betri nayo ni kiumbe.

Jumamosi, tarehe 23, boti iliingia. Walikuwa wamejificha kwenye ghuba ndogo upande wa Sigunga hadi upepo ulipochoka. Saruji yote ilikuwa chini ya ziwa, watu wote walikuwa juu. Mwanangu alikuja moja kwa moja kwangu, akasimama uwanjani na kuutazama mnara kutoka chini hadi juu.

"Shikamoo, mama. Ni pambo zuri. Nimeliita hadi koo limekauka."

"Marahaba."

Nilikuwa nimejiandaa kunyamaza. Nilijua kunyamaza kungekuwa hekima. Lakini mimi ni mwanamke mwenye kiburi, na sikuvumilia kuitwa asiyekuwepo ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

"Nilikusikia. Ulisema watupe saruji, waanze na ya mbele."

Alikwenda kwenye ndoo, akanawa mikono iliyokuwa tayari safi.

"Ulisikia yote?"

"Yote."

"Hata lile la afadhali?"

"Hata hilo."

"Sikukusudia ulisikie, mama."

"Najua. Ndiyo maana nililiamini."

Akala chakula chake. Hatukulirudia tena, wala hatujalirudia hadi leo.

Mwenye kisanduku alivuka kurudi Jumatano, tarehe 10 Agosti 2022. Alikuja kwangu kabla ya kufika kwake, mzigo ukiwa bado kichwani, akapiga goti moja, akafungua ncha ya kitenge.

"Yaya, dada yangu, amana yenu hii. Hata siku ya kuzika nilikuwa nayo. Nimelala nayo, nimelia nayo. Hakuna mtu aliyeigusa, kabisa."

Kilikuwa kinang'aa. Alikuwa amekipaka mafuta ya mawese kisishike kutu. Nilimshukuru mbele ya wote, kwa maneno kamili, kwa sababu alikuwa ametimiza kila tulichomwagiza. Yaliyotokea hatukumwambia. Aliyasikia sokoni baadaye, akaja akakaa nami mchana mzima, akinisaidia kuchambua dagaa.

Fundi alimfuta kadhi mafuta, akamweka mahali pake. Nilibonyeza kwa mara ya kwanza mchana ule, na mwanangu, aliyekuwa karibu na Ilagala, akajibu. Wanawake walipiga vigelegele, jirani wakapanda tena ukutani, na mweka hazina alimwambia mumewe hewani mambo ambayo, kwa kadiri nilivyosoma masharti ya kibali, hayaruhusiwi.

Tangu hapo tunazungumza kila adhuhuri anapokuwa safarini. Ninalo nililolinunua. Lakini sasa anajua kwamba nipo.

Alhamisi, tarehe 8 Septemba, upepo ulirudi. Kipande changu cha ziwa kilikuwa cheupe, mitumbwi ilikuwa mchangani, na saa sita redio ikaita.

"Ujiji, nakupata vizuri sana, mama. Ziwa limetulia kama maji ya mtungini. Ova."

Nyuma ya sauti yake turubai lilikuwa likipigwa na upepo, na mtu alikuwa akichota maji kwa kopo, haraka haraka, akiyamwaga nje. Mweka hazina alichukua chombo cha kusemea, akamuuliza mumewe, akaambiwa yale yale, kwa maneno yale yale. Akanirudishia.

"Wamefundishana vizuri," akasema.

Ningeweza kumwambia kwamba naliona ziwa kutoka nilipo. Ningeweza kumwamuru arudi, kana kwamba boti hugeuka kwa amri ya mwanamke aliyeketi sebuleni. Nilibonyeza.

"Nimekupata. Ziwa limetulia. Ova."

Redio hizi zina sheria moja: aliyebonyeza hasikii. Kwa hiyo mimi husema kwa kifupi, maneno matatu au manne, kisha huachia kidole upesi na kuinama karibu, nisikilize kopo.